Mnyama wa jangwani wa tani tano: kumbuni, kumwinda, kumchuna

Riwaya za kubuni na michezo ya kompyuta zimejaa majitu ya jangwani, na mengi yana kasoro moja: mwandishi ametumia kurasa kumi kueleza meno na mstari mmoja kueleza maji. Windo linaloaminika huanzia kwenye dumu na kamba, meno yanafuata. Hapa namjenga mnyama mmoja wa kubuni tangu mwanzo, namwita guruma, namweka katika nchi inayofanana na Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kisha naeleza watu wanaomwinda wanahitaji nini, kiasi gani, na mambo huharibikia wapi. Ukipenda mbadilishe umbo. Hesabu zenyewe hazitakuachia nafasi kubwa.

Tuanze na uzito. Mnyama akirefuka mara mbili bila kubadilika umbo, unene wa mifupa yake ukikatwa na kupimwa eneo huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638 na hakuna jitu lililowahi kulikwepa. Mamba wa Nile wa mita tano ana kilo 600 na ushei. Mpe mita kumi, umefika tani tano. Anayetaka mnyama wa mita mia ajue anaomba tani elfu tano, wakati nyangumi mkubwa kuliko wote hafikii hata tani mia mbili, naye anabebwa na maji. Kwa hiyo guruma ana mita kumi, tani tano, umbo kati ya mamba na kenge. Miguu yake inaweza kuinua tumbo kwa hatua chache tu za kushambulia. Muda mwingine anajiburuza. Mburuzo huo ndio utakaomwangamiza, kwa hiyo usimpe mabawa wala miguu mirefu ya kuufuta.

Chakula ndicho kinachoamua kama damu yake ni moto au baridi. Mnyama wa tani tano mwenye damu moto, hata akilala tu, huchoma kama kilokalori 40,000 kwa siku. Mbuzi mmoja wa nyanda kame akichinjwa hutoa nyama ya kilo kumi au kumi na mbili, yaani kilokalori kama 15,000. Huyo anataka mbuzi watatu kila siku ya Mungu, mwaka mzima, mahali ambapo mvua haifiki milimita 250. Mwenye damu baridi hutumia karibu sehemu moja ya kumi ya hapo. Ukimwongezea mara mbili kwa ajili ya kutembea na kupigana, ngamia mmoja mkubwa anamtosha mwezi mzima. Hapo ndipo anapoanza kuwezekana.

Kuna kipimo kingine ambacho wabunifu wengi hawakigusi: nchi inaweza kulisha guruma wangapi? Watafiti wa wanyama wala nyama walikadiria mwaka 2002 kwamba kila kilo 10,000 za mawindo hubeba takriban kilo 90 za mla nyama mwenye damu moto. Kwa tani tano ungehitaji mawindo ya tani 550, sawa na ngamia 1,400 kwa mnyama mmoja. Damu baridi ikipunguza mahitaji kwa tisa ya kumi, wanabaki ngamia 140 hivi. Maana yake ukoo wenye ngamia elfu mbili kwenye eneo lake wote unaweza kuwa na guruma kumi na wanne kwa wingi kabisa, wakubwa kwa wadogo, na hao ni iwapo hawali kitu kingine na hakuna simba wala fisi wa kugombea nao. Ukiua watatu kwa mwaka, baada ya miaka michache hakuna windo.

Kwa hiyo usibuni kabila linaloishi kwa nyama ya guruma. Watu hao kwanza ni wafugaji. Wanaishi kwa maziwa, wanahama na malisho, na guruma ni mwizi wa ngamia anayewindwa pale hasara inapozidi, labda mara moja kwa miaka miwili mitatu. Ujuzi wa windo hapo una matundu: kila mara kuna vijana ambao hawajawahi kuliona, na wazee waliosahau nusu. Hilo peke yake linakupa ajali za kutosha kwenye hadithi bila kulazimisha usaliti.

Sasa mchanga. Picha ya jitu linaloogelea chini ya matuta na kupasua uso wa ardhi ni tamu, lakini mchanga haukubali. Wapo wanaoogelea mchangani kweli. Mjusi wa Sahara na Uarabuni aitwaye kwa sayansi Scincus scincus alipigwa eksirei huko Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, yakaonyesha kwamba akizama hukunja miguu ubavuni na kusukuma kwa mawimbi ya mwili. Fuko wa dhahabu wa jangwa la Namib naye huogelea mchangani akisaka mchwa, ila yeye hutumia miguu ya mbele. Wote wawili wanaenea kiganjani, na si kwa bahati mbaya. Mkinzano wa mchanga hukua kadiri unavyoshuka, na mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa tani 1.6 hivi. Mfunike guruma wa mita kumi, mgongo wa mita moja na nusu, kwa mchanga wa sentimita 30: umembebesha tani saba, zaidi ya uzito wake. Halafu mchanga mkavu hausimami kama shimo. Ukichimbwa unamwagika mpaka mteremko ufikie nyuzi 34 hivi. Mahandaki yanawezekana kwenye mchanga wenye unyevu au udongo, si kwenye tuta.

Anachoweza ni kujifukia juu juu, kama wafanyavyo nyoka wa Namib wanaoacha macho tu nje. Safu ya sentimita tano ni tani moja na robo mgongoni, mzigo unaovumilika kwa mnyama wa tani tano aliyelala. Pua iwe juu ya kichwa, yenye kizibo. Anavizia kwenye njia ya kwenda kisimani, si popote.

Jambo lingine la kurekebisha ni nchi yenyewe. Karibu sehemu moja ya tano tu ya majangwa ya dunia ni mchanga. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka: udongo tambarare wenye ukoko wa chumvi, unaogeuka matope mvua ikinyesha, na mchanga na mawe ya volkano pembezoni. Chemchemi ziko ukingoni, Kalacha na North Horr, na ndiko mifugo hukusanyika. Kwa guruma, mchanga wa ukingoni ni kitanda na sakafu ya udongo ni mahali pa hatari, kwa sababu pale hawezi kujifunika. Windo lote ni kumtoa kwenye kitanda na kumfikisha sakafuni.

Akusikie kwa mbali kiasi gani? Nge wa mchangani huhisi mdudu anayetembea umbali wa sentimita kadhaa kwa kutumia miguu yake, na mawimbi ya juu ya mchanga huenda polepole, mita 50 hivi kwa sekunde. Lakini mchanga mkavu hula mtikisiko haraka. Habari ya jitu linalosikia hatua za mtu kutoka kilomita kumi tuiache. Kwenye tuta mpe mita mia moja kwa mtu, mia tatu kwa msafara wa ngamia. Kwenye udongo mgumu mpe zaidi, na wawindaji wako wajue tofauti hiyo: mchangani wanakaribia kwa miguu peku, ngamia wanaachwa nyuma.

Kumsaka ni kazi ya mburuzo na upepo. Alama mpya ina kingo kali na chembe ndogo zilizotupwa upande wa mwendo. Upepo wa mchana mmoja tu, na upepo wa kule hauna huruma, hulainisha kingo na kujaza sakafu ya mburuzo. Alama ikipitiwa na nyayo za mende wa usiku, imepita kabla ya usiku huo. Kinyesi cha mla mifupa huwa cheupe kikikauka. Makosa ya kawaida ni kufuata alama kutoka nyuma: mnyama anayejifukia mara nyingi hugeuka akaangalia njia aliyotokea. Msakaji mzuri hutembea sambamba nayo, hatua hamsini pembeni, upande wa demani, yaani upepo ukitoka kwa mnyama kuja kwake, ili harufu yake ibebwe mbali, na huikata alama kwa kuingia na kutoka.

Kuna wanaopenda kuandika kwamba guruma hupigwa alfajiri akiwa amepoa, mzito kama gogo. Kwa mjusi wa kiganjani, sawa. Mwili wa tani tano hauwezi kupoa usiku mmoja. Joto lake hubadilika kidogo sana kati ya saa kumi jioni na saa kumi na mbili asubuhi. Udhaifu wake uko kwingine. Mamba akipigana kwa nguvu hutumia misuli isiyopata oksijeni ya kutosha, asidi ya laktiki hujaa mwilini, na katika dakika chache huishiwa. Mamba mkubwa huweza kuhitaji saa nyingi kupona, na wapo waliokufa baada ya kukamatwa, bila jeraha, kwa sababu ya asidi hiyo tu. Hii ndiyo silaha kuu. Wawindaji hawashindani na nguvu za guruma. Wanamlazimisha azitumie zote ndani ya nusu saa, juu ya ardhi ambayo haimfichi, jua likiwa limeshaanza kuchoma. Saa tatu asubuhi ndiyo saa yao.

Vifaa vyenyewe si vigeni. Waelmolo wa Ziwa Turkana, karibu kabisa na Chalbi, waliwinda viboko kwa vyusa vyenye chembe ya chuma inayochomoka kwenye mpini, ikiwa imefungwa kamba. Muundo huo unafaa. Mpini wa mita mbili na nusu hadi tatu, mti mwepesi. Chembe ya chuma ya urefu wa kiganja yenye miiba miwili. Kamba ya mita 40. Chembe ikiingia, mpini unadondoka na kuokotwa kutumika tena. Mpini uliofungwa moja kwa moja na chembe utavunjwa mnyama akijibingirisha mara ya kwanza, na kipande chake kitampiga aliyeurusha.

Mwisho wa kamba usifungwe kwa ngamia wala kwa mtu. Kamba mpya ya katani yenye unene wa milimita 20 huhimili kama tani mbili na nusu, na fundo huiondolea theluthi moja hadi nusu. Mnyama wa tani tano akikurupuka huikata kama uzi iwapo upande wa pili umekazwa. Kinachotakiwa ni kitu kinachoburuzika: gogo la mkoma la kilo 80 au 100, au mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga. Kila gogo linamla nguvu na halikati kamba. Magogo manne yanatosha; sita ni bora, maana chembe mbili kati ya sita huwa zinachomoka. Zinachomoka kwa nini? Kwa sababu zilipigwa mgongoni, kwenye ngozi yenye mifupa ndani kama ya mamba. Zipigwe ubavuni nyuma ya mguu wa mbele, au kwenye shina la mkia kwa chini.

Mtu wa chusa husimama mita sita au saba. Kamba ikunjwe duara ndani ya karai au kapu pana, kamwe isilale miguuni, na anayeiachia asijizungushie mkononi hata mara moja. Vidole vingi zaidi vitapotea kwenye kamba kuliko kwenye meno. Mkia ndio unaoua, si kinywa: upana wa mzunguko wake ni mita nne na nusu kila upande, basi pale panakaa patupu mpaka aishiwe.

Sumu? Waata wa upande wa Tsavo, ambao wengi huwaita Waliangulu, waliua tembo kwa upinde wenye mvuto wa zaidi ya kilo 45 na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti, wakilenga tumbo ili chembe izame ndani. Sumu hiyo hushika moyo, na nyama ililiwa bila madhara kwa sababu haipenyi vizuri kwenye utumbo wa mlaji. Sumu ikiwa mbichi tembo hakufika mbali. Ilitunzwa imefungwa kwa ngozi isikauke wala isimkwaruze mwenye podo. Ni mbinu nzuri kuazima, ila kwa mnyama wa damu baridi mzunguko wa damu ni wa polepole na moyo wake huvumilia mengi, kwa hiyo nisingeipa kazi ya kuua papo hapo. Ipe kazi ya kufupisha masaa ya mwisho. Na andika pia gharama yake: mshale uliokosa shabaha lazima utafutwe mchangani mpaka uonekane, kwa sababu watoto na mbuzi watapita hapo kesho.

Chambo ni mbuzi wawili, si mmoja, wakifungwa mita ishirini kutoka kando ya mchanga kwa upande wa udongo. Mbuzi mmoja peke yake hulia saa moja akachoka, wawili huitana. Guruma akitoka na kumshika mmoja hatamwacha haraka, na hapo vijana wanne wanapita nyuma yake, kati yake na mchanga, wakipiga ardhi kwa mawe. Hapo ndipo windo linapoharibika mara nyingi: waliotakiwa kukata njia ya kurudi wanakimbilia mbele kuona. Mnyama anarudi mchangani na chusa moja ubavuni, anajifukia, na sasa una guruma aliyejeruhiwa kwenye njia ya kisima. Kumngoja juani hakusaidii, kwa kuwa yeye anaweza kukaa wiki mbili bila kula na ninyi maji yenu ni ya siku nne.

Hesabu ya maji, basi. Watu ishirini, kazi nzito, joto la nyuzi 38 na kuendelea: lita nane kwa kila mtu kwa siku, nami naona hiyo ni ya kubana. Siku nne ni lita 640. Ngamia wa mizigo hubeba kilo 150 kwa starehe, basi wanahitajika watano kwa maji tu, bila kuhesabu viriba vinavyovuja au kuchanika. Magogo na kamba, ngamia wanne au watano. Ngamia wenyewe wakinyweshwa siku ya kuondoka hawatadai kitu kwa siku nne. Wanaoamini nundu ni tangi la maji wajue ni mafuta; kuyachoma mafuta hutoa maji kidogo ambayo huishia kwenye pumzi. Uwezo wa ngamia uko katika kuvumilia kupoteza robo ya uzito wake na kisha kunywa lita mia moja kwa dakika chache.

Mnyama akifa, saa inaanza kuhesabu kwa kasi zaidi. Tani tano za nyama moto chini ya jua hazipoi zenyewe. Kazi ya kwanza ni tumbo, ndani ya saa mbili, kabla ya mtu yeyote kugusa mkia mtamu. Gesi ya utumbo hukusanyika upesi. Huko Tainan, Taiwan, mwezi Januari 2004, nyangumi wa tani 50 aliyekuwa akisafirishwa kwa lori alipasuka katikati ya mtaa, maduka na magari yakaoga matumbo. Mchanaji asimame joshini, yaani upepo ukitokea nyuma yake, upande wa mgongo, akate tundu dogo kwanza kwa kisu kilichofungwa kwenye mpini mrefu, aache pumzi itoke, ndipo apasue.

Nyama safi itakuwa kama tani mbili na nusu. Kuibeba hivyo hivyo unahitaji ngamia kumi na saba, na kabla hujafika imeoza. Ikaushwe papo hapo. Vipande vya unene wa kidole, virefu kama mkono, vikatwe kufuata nyuzi za nyama, vining'inizwe kwenye kamba zile zile za chusa kati ya mipini. Kwenye upepo mkavu hukauka kwa siku moja au mbili na kubaki chini ya theluthi moja ya uzito: kilo 700 hivi, mzigo wa ngamia watano, ambao ni wale wale waliokuja na maji. Kipande kinene kuliko kidole hukauka nje na kuoza ndani, na huwezi kujua mpaka ukikate. Ukoko wa chumvi wa kule una magadi pia, basi usiutumie ovyo. Huharibu ladha na kuipa nyama rangi ya ajabu. Nyumbani nyama hukatwa vidogo, ikakaangwa na kufunikwa kwa mafuta yake, namna ambavyo wafugaji wa kaskazini hutengeneza nyirinyiri ya ngamia, na hapo hukaa miezi.

Kuna jambo moja la majangwa ya kweli linaloweza kuwapa watu wako imani yao. Mifupa mikubwa kweli imo jangwani, na mingine ni ya wanyama wa maji. Wadi al-Hitan huko Misri ina mifupa ya nyangumi wa kale wa zaidi ya mita kumi na tano, na jangwa la Ténéré huko Niger lilitoa mamba wa kale, Sarcosuchus, aliyezidi mita tisa. Mfugaji anayekuta uti wa mgongo wa namna hiyo umetokeza mchangani ana haki ya kuamini kwamba babu wa guruma alikuwa mkubwa kuliko huyu.

Mgao upangwe kabla ya kuondoka. Huko Lamalera, kisiwani Lembata, Indonesia, ambako watu huruka kutoka kwenye mashua na kumchoma nyangumi kwa chusa, kila sehemu ya mwili ina mwenyewe tangu zamani: mrusha chusa, waliounda mashua, walioshona tanga. Kwa guruma, mfuaji wa chembe ana fungu lake hata kama hakutoka kijijini. Kadhalika msokota kamba, iwapo kamba haikukatika. Mwenye chusa ya kwanza iliyoshika anapata shina la mkia, ambalo lina mafuta. Mwenye wale mbuzi wawili analipwa kabla ya wote, na analipwa hata mnyama akitoroka. Ngozi ya tumbo, ambayo haina mifupa ndani, inakwenda kwa wenye ngamia wa maji, kwa ajili ya viriba.